Swali la Ijumaa la Mwalimu Zipora

Mwezi uliopita mthibiti ubora wa shule mmoja, kijana wa juzi tu, alikaa nyuma ya darasa la Mwalimu Zipora dakika arobaini, kisha akaandika kwamba mwalimu huyu "haamshi udadisi wa wanafunzi kabla ya kusoma." Nilipoiona ile karatasi ofisini nilitamani kuichana. Na kijana hakukosea, aliandika alichokiona. Siku hizi Zipora anaingia darasani, anasema fungueni ukurasa fulani, watoto wanasoma kwa pamoja kama wanaimba, anafunga kitabu, anatoka. Lakini huyu ndiye aliyetufundisha shule nzima maana ya kuuliza, na asiyejua kilichomnyamazisha angeuliza kwanza ndipo aandike.

Mimi naitwa Halfani, nafundisha hisabati. Shule yetu iko mbele ya Mlali, huku Kongwa, ukiacha lami unakwenda na pikipiki mpaka mgongo ukuseme. Darasa langu na la Zipora yametenganishwa na ukuta mmoja ambao haukufika juu. Wajenzi waliishiwa saruji wakaacha nafasi ya futi mbili chini ya bati, na hakuna aliyerudi kuiziba. Kwa hiyo miaka sita nimesomeshwa Kiswahili cha Darasa la Nne kwa lazima. Nilikuwa nikimwambia, "Madamu, punguza sauti, watoto wangu wanajibu maswali yako wanaacha yangu." Yeye ni Mgogo wa hukohuko, baba na mama. Mimi kwetu ni mjini, mababu zangu walikuja Dodoma na misafara ya biashara, na hilo alikuwa hachoki kunitania nalo. Alisema nilikuja kuuza shanga nikasahau njia ya kurudi.

Aliwahi kunisimulia kwamba akiwa Darasa la Tatu alikuja mgeni shuleni, akaitwa yeye asome, akasoma ukurasa mzima bila kukwama hata neno moja. Mgeni akampa kalamu. Kisha akamuuliza, "Sasa mwanangu, katika hadithi hii nani alipotea?" Zipora hakuwa na habari kwamba kuna mtu alipotea. Nyumbani walisema Kigogo, Kiswahili kwake kilikuwa sauti tu za kutoa mdomoni. Kalamu akabaki nayo, na aibu pia akabaki nayo. Nadhani alisomea ualimu kwa sababu ya aibu ile.

Aliporudi kutoka kwenye mafunzo fulani mjini alikuja na jambo lake. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, aliwauliza watoto swali kuhusu habari watakayoisoma Jumatatu. Kitabu kimefungwa. Kila mtoto aseme anachokijua, kwa Kigogo akitaka, na abashiri jibu. Yeye hasemi ndiyo wala hapana, hata umpigie magoti. "Jumatatu kitabu kitasema," ndiyo ilikuwa kauli yake. Alitaka swali lilale nao siku mbili, liwasumbue.

Mimi sikulipenda, nisiseme uongo. Mwalimu unajua jibu, mtoto analitaka, unamnyima ili iweje? Tulibishana sana. Lakini macho hayana pazia, nikaona mwenyewe. Jumatatu ilikuwa siku ya utoro hapa, watoto wanatumwa machungani na mbuzi wa kwao. Ijumaa moja akawauliza kwa nini fisi anacheka. Mwisho wa wiki watoto wakawasumbua babu zao, wakagombana kisimani, na Jumatatu darasa likajaa mpaka mlangoni. Alikuja hata mzee mmoja na fimbo yake, akaketi kwenye dawati la mjukuu wake asikie kitabu kitasemaje. Watoto waliokuwa wanasoma kama kasuku sasa walisoma huku wanatafuta. Unasikia kabisa, mtoto anafika kwenye sentensi anasimama, anasema, "Ahaa, ndiyo hapa." Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na Zipora alilifanyia kazi neno hilo kuliko mtu yeyote ninayemfahamu.

Aliyeshikwa zaidi na maswali yale alikuwa Devota, binti wa Marko na Hilda, miaka kumi, mwembamba, meno ya mbele yamepishana. Alikuja Darasa la Nne hajui kusoma sentensi. Kufikia mwezi wa tano alikuwa anasoma hata maandishi ya mifuko ya mbolea. Alikuwa wa kwanza kubashiri kila Ijumaa, na sauti yake ilivuka ule ukuta bila shida. Watoto wangu walikuwa wakinong'ona, "Huyo Devota huyo," kabla hajamaliza neno la kwanza.

Mwaka ule mvua ilituchezea. Iligoma wakati wa kupanda, ikaja kunyesha mwezi wa sita mahindi yakiwa yamelazwa chini shambani. Watu wakavuna mabichi, wakaanika juu ya udongo, yakalowa tena. Lori la wanunuzi lilipokuja likachagua. Mazuri yakapanda lori, yaliyoota ukungu yakarudi ndani. Ndivyo ilivyo huku, kizuri ni cha kuuza, na mwenye njaa hana miiko.

Ijumaa moja ya mwezi wa saba nikiwa naandika hesabu za sehemu ubaoni nikasikia swali la wiki: "Mahindi yenye ukungu mtu akiyala, nini kitatokea?" Zipora alilichukua kwenye habari iliyofuata kitabuni, hakulitunga kwa ajili ya mtu. Watoto wakaanza. Mmoja akasema tumbo litauma. Mwingine akasema kuku ndio wapewe. Kisha sauti ya Devota.

"Hakitatokea kitu. Sisi tunakula. Mama anayaosha kwa maji ya moto, anayaanika, tunasaga."

Wenzake wakacheka kidogo. Zipora akauliza mwingine, naye akajibu. Halafu Devota tena, safari hii taratibu.

"Mwalimu, kwani yanaua?"

Chaki yangu ilisimama. Mimi jibu nilikuwa nalijua. Miaka miwili nyuma afisa ugani alikuja kijijini akatukalisha saa nzima, akatueleza sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, ni nini na kwamba haitoki kwa kuosha wala kwa kupika. Zipora naye alikuwepo, alikaa kiti cha pembeni yangu. Nikasubiri aseme.

"Jumatatu kitabu kitasema," akasema Zipora. Kengele ikagongwa, watoto wakatoka mbio.

Ningeweza kusimama mlangoni nikamwita yule mtoto. Devota, njoo hapa, kamwambie mama asipike yale mahindi. Maneno hayo hayamalizi hata dakika. Nikajiambia si darasa langu, nisimharibie mwenzangu somo lake. Nikafuta ubao, nikapanda pikipiki, nikaenda kwa familia yangu Miyuji, mjini, Jumamosi nikala wali kwa kuku. Hilo sijasahau na sitaki mtu anisahaulishe.

Jumatatu darasa la Zipora lilijaa isipokuwa nafasi moja. Walisoma ile habari. Ilikuwa fupi, ya baba aliyelisha familia mahindi ya ukungu, macho yao yakageuka njano, ini likafa. Nilisikia watoto wakipunguza sauti kadiri walivyosonga mbele, mpaka wakanyamaza wenyewe. Mmoja akasema, "Mwalimu, Devota hajaja, anaumwa tumbo tangu Jumamosi." Sekunde chache baadaye Zipora alikuwa mlangoni kwangu, kitabu mkononi, uso umemshuka.

"Kaka Halfani, washa pikipiki."

Tulimkuta Devota amelala kwenye mkeka, tumbo limevimba, miguu imekuwa vijiti. Alipofumbua macho, njano tupu. Mama yake alikuwa amemchemshia mwarobaini. Zipora alimsalimu kwa Kigogo, "Mbukwa," na kabla hajamaliza kuitikiwa alikuwa ameshaona gunia kwenye kona. Akaliburuta mpaka nje, akalimwaga. Mahindi yalikuwa na ukungu wa kijani na mweusi. Kuku wakaja, akawafukuza kwa mateke, analia huku anafukuza kuku.

"Mwalimu, tutakula nini?" Hilda akauliza. Hakuwa anagomba. Alitaka kujua kweli.

Mimi nikasema nitaleta unga jioni, nikampa Marko, baba yake Devota, namba yangu. Tukapanda mshikaki, mimi mbele, mtoto katikati, Zipora nyuma amemkumbatia, mpaka hospitali. Mama yake alikuja baadaye na bodaboda.

Daktari alituita pembeni. Ini limeharibika sana, akasema, mtoto amekuwa akila sumu ile wiki tatu au zaidi. Wazazi wake ni watu wazima, miili yao imehimili, yeye ni mdogo. Zipora akamuuliza jambo moja tu.

"Angeacha kula Ijumaa, angepona?"

"Mwalimu, siwezi kukwambia hivyo."

"Nataka unijibu. Ndiyo au hapana."

"Sijui. Pengine alishachelewa. Pengine siku tatu zingesaidia. Sijui."

Nilimwona Zipora anavyolipokea neno lile "sijui." Alikaa kwenye benchi la nje akashika kichwa. Nikajaribu kumwambia kwamba mimi pia nilisikia, kwamba kosa ni letu wawili, kwamba hata wazazi walikuwepo kwenye mkutano wa afisa ugani. Akanitazama. "Wewe hukuulizwa, kaka," akasema. "Mtoto aliniuliza mimi. Aliniuliza kwa mdomo wake kama yanaua, nikamwekea jibu mpaka Jumatatu kama namwekea pipi."

Maji yakimwagika hayazoleki, na mtu wa kuniletea methali pale ningempiga kofi.

Jumatano mchana tulirudi. Hilda alikuwa ametoka kuchota maji ya kumwosha mtoto, kwa hiyo tulikuwa sisi wawili na Devota. Alikuwa analala na kuamka. Damu ilikuwa inamtoka kwenye fizi na wauguzi walikuwa wameacha kututazama usoni. Nilijua, na Zipora alijua. Mara Devota akafumbua macho, akamtambua mwalimu wake.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mama. Unajisikiaje?"

Alikuwa na lake. "Mwalimu, mlishasoma?"

"Tulisoma."

"Jumatatu?"

"Ndiyo, Jumatatu."

Akapumua mara mbili tatu kutafuta nguvu. "Kitabu kilisemaje?"

Zipora akamwinamia. Mtoto alikuwa anamsubiri kwa macho yale ya njano, macho yanayotaka kujua, macho ambayo mwalimu yeyote anaomba Mungu ayaone darasani hata mara moja kwa mwaka. Alikuwa amebeba swali lile siku tano, na maumivu yote, na bado lilikuwa linamsumbua.

"Kilisema hayaui," akasema Zipora. "Kilisema mtu anaumwa kidogo tu, kisha anapona."

Devota akalifikiria. Kisha akanigeukia mimi. Watoto wote wa shule ile wanajua Mwalimu Halfani hana maksi za bure. Miaka ishirini na sita sijawahi kumpa mtoto vema ambayo hakuistahili, hata wangu wa kuzaa niliyemfundisha.

"Mwalimu Halfani," akasema, "kwa hiyo nimepata?"

"Umepata, mwanangu," nikasema.

Akatabasamu, yale meno yaliyopishana yakiwa na damu, akafumba macho. Alifariki Alhamisi kabla ya adhana ya alfajiri, mkono wake ukiwa kwenye mkono wa mama yake.