Chupa Mbili kwenye Meza ya Mdhamini

Raheli ana tabia ya kuota mchana kweupe, na hajawahi kuiacha. Taa za studio zikiwaka tu, anasahau kwamba yuko kwenye ghala la zamani la alizeti pale Singida mjini, ghala ambalo mpaka leo linanukia mashudu ya mbegu zilizokamuliwa. Anaona nyumba moja moja kati ya mawe makubwa, vumbi jepesi, upepo, na kila nyumba ina mtu anayemngoja aongee. Mwili uko kwenye kiti, roho iko vijijini.

Kipindi chake kinaitwa Kikao cha Bibi. Kila Jumamosi alasiri, mubashara, anamkaribisha mwanamke mzee asimulie maisha yake: alivyoolewa, njaa aliyoiona, watoto aliozika. Basi. Hakuna mbwembwe. Na watu wanakipenda, jamani! Wengine wanakitazama kwenye simu huku machozi yanawatoka.

Lakini kupendwa hakulipi umeme. Raheli alijifunza kazi kwenye televisheni ya umma, na kule mambo ni mengine. Matangazo ya biashara wanachukua, ndiyo, lakini nyuma yao kuna fungu la serikali, yaani kodi yangu na yako, na kipindi cha wazee kinaweza kuishi hata kama hakuna mfanyabiashara anayekitaka. Ila ratiba inapangwa makao makuu, mbali na Singida, nawe unangoja zamu. Raheli hakutaka kungoja.

Akaja kwenye hiki kituo binafsi, kinachoishi kwa matangazo tu. Na hapa matangazo ni alizeti. Wakati wa mavuno wenye mashine za kukamua wanagombania nafasi, kituo kinanona. Mvua zikianza, kimya, na vipindi vinakufa kimoja kimoja. Cha Raheli kilinusurika kwa sababu ya mtu mmoja, Bwana Gasto, mwenye kiwanda cha mafuta. Sharti lake lilikuwa jepesi: chupa yake ikae mezani kipindi kizima, na isikae na nyingine.

Chupa ni chupa tu, Raheli alijiambia. Tena ikipigwa na taa inawaka rangi ya asali, naye akiitazama anaanza kuota upya.

Jumamosi moja mgeni alikuwa Bibi Severina wa kijiji cha Mungaa. Alivua ndala mlangoni, na kumbembeleza azivae ilikuwa kazi bure.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona mna baridi humu ndani?"

Kipindi kikaanza. Bibi huyo alijua kusimulia, we acha tu! Hata mshika kamera alisahau kusogea. Sasa, kwao Bibi Severina zawadi haitolewi mlangoni. Unakaa kwanza, mnaongea, mioyo ikishatulia ndipo unatoa. Kwa hiyo katikati ya kipindi, Singida nzima ikitazama, aliinama kwenye kikapu chake akatoa chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Akaiweka mezani, ubavuni mwa ile ya Gasto.

"Hayo yenu mmenunua, mjukuu wangu. Haya nimekamua mwenyewe. Ni yako."

Kwenye kidude cha sikioni, Elisha, meneja wa kituo, alikuwa anafoka. "Toa hiyo chupa! Gasto yuko kwenye simu, anasema anajitoa leo hii! Raheli, kipindi kinakufa, unanisikia?"

Raheli alisikia, kwa mbali, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Mwanga ulipita kwenye chupa zote mbili. Ya Gasto ilikuwa safi, ya bibi ilikuwa na machicha yanayoshuka polepole. Aliwawaza mabibi wote ambao bado hawajasimulia. Bila Gasto wasingesimulia kamwe. Mkono wa kulia ulikuwa umekibana kile kidude sikioni, kwa hiyo chupa ya bibi aliishika kwa mkono wa kushoto, akaishusha chini ya meza haraka, bila hata asante.

 Maswali yaliyobaki Bibi Severina aliyajibu kwa ndiyo na hapana.

Gasto hakujitoa. Elisha alimpongeza Raheli mbele ya wote, kwamba ameokoa kipindi. Raheli alienda kulia chooni.

Wiki iliyofuata mgeni alituma salamu kwamba anaumwa. Aliyefuata alisema ana palizi. Mama Damari wa Mandewa, ambaye kutoka kwake mpaka studio ni kutembea tu, alisema hana la kusimulia, yeye ambaye sokoni hanyamazi! Wakaanza kurudia vipindi vya zamani. Gasto wala hakujali. Chupa yake si ilikuwa inaonekana?

Raheli akaenda Mungaa na sukari na kitenge. Njiani alizeti zilikuwa zimechanua pande zote mbili, na kwa mara ya kwanza hakuota chochote, alikuwa na hofu. Bibi Severina alimpokea vizuri, akampa kigoda na maji ya kunywa. Raheli hakukaa. Alipiga magoti.

"Bibi, nimekukosea. Nisamehe."

"Nilishakusamehe siku ile ile. Inuka, utachafua nguo."

"Basi rudi, bibi. Ukirudi wewe, wenzako watarudi."

Bibi alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimuuma Raheli kuliko matusi.

"Siku ile nilijua nimekuja kwako, mjukuu wangu. Kumbe ni kwa Gasto. Ungeniambia tu, nisingejisumbua." Akamshika mkono kumwinua. "Ukipata pako, niite. Nitakuja hata kwa miguu."

Raheli alifungua mdomo abishe, aseme pale studio ni kwake. Ile chupa ya Gasto ikamjia machoni, akakaa kwenye kigoda, akayanywa maji ya bibi.