Chungu Kisichoonjwa

Jikoni kwa Thoan hakuna kusaidia kimyakimya. Ukishika kisu, useme umeshika kisu. Ukimaliza, ukirudishe kilipokuwa, makali yakiangalia ukuta, la sivyo utatoka hapo na maneno ya kukutosha wiki nzima. Kijijini kwao, kando ya mto Thu Bon, wapo wanaomwita mkali. Hao hawajawahi kupapasa kisu wakakipokea kwa upande wa makali.

Macho yake yaliondoka polepole kwa presha ya macho, kwanza pembeni, kisha katikati, mpaka akabaki na mwanga mdogo tu wa kumjulisha kuwa ni mchana. Alikuwa ameolewa na Khiem, mtoto wa kwanza wa Bi Xuyen, na mke wa mtoto wa kwanza huko ndiye mwenye jiko. Majirani walitarajia mama mkwe amwonee huruma, amweke barazani achambue mboga. Bi Xuyen alivuta kigoda, akakaa kwenye mlango wa jiko, akamuuliza, "Macho yamekwenda. Na mikono nayo imekwenda?" Thoan alilia siku ile, akamchukia mwanamke yule kwa moyo wote. Kisha akapika.

Wali haukumsumbua, maana maji ya wali kila mtu huko huyapima kwa pingili ya kidole, mwenye macho na asiye nayo. Mafuta aliyajua kwa kijiti: ukikichovya na mafuta yakachachatika, yamepata moto. Chupa ya sosi ya samaki, ambayo ndiyo chumvi ya huko, aliifunga mpira shingoni, ya siki akaiacha bila kitu. Kilichomtoa jasho ni sukari ya kuunguza, ile inayompa samaki rangi. Wenzake huitazama. Yeye ilibidi ainamishe uso juu ya chungu na kuinusa: utamu kwanza, halafu kitu kama kahawa, na kabla tu haijaanza kukereketa koo, anatia maji. Aliunguza nyingi. Akaungua vidole pia, na makovu anayo mpaka leo, wala hayafichi.

Bi Xuyen alipofariki, siku ya kumkumbuka kila mwaka ikawa juu ya Thoan. Na chakula cha siku hiyo kina sharti lake: hakionjwi. Marehemu hula kwanza, mezani pake, udi ukiwaka, ndipo walio hai wapate. Mpishi akionja amemtangulia, na kinachobaki kumlisha marehemu ni makombo. Kwa hiyo siku hiyo Thoan hupika bila macho na bila ulimi.

Mwaka uliopita jodari alitoka chumvi tupu. Khiem alidhani mkewe amesahau sosi, akaitia chunguni na yeye kwa mapenzi yake, bila kusema. Alikiri mbele ya watu, lakini nani amsadiki mume anayemtetea mkewe? Diep, dada mdogo wa Khiem anayeishi mjini Da Nang, akatangaza kwamba samaki akiharibika tena, siku ya Mama itahamia kwake. Kwa Thoan, kunyang'anywa siku hiyo kulikuwa sawa na kuvuliwa jiko.

Mwaka huu Diep aliwahi kufika asubuhi.

"Wifi, nimekuja nikushike mkono," alisema akivua viatu.

"Nishike kwa mdomo. Chochote unachogusa, kiseme."

"Haya, mkuu wa jeshi. Nagusa kigoda. Nakaa."

"Kigoda hakihitaji taarifa. Sosi ndiyo inayohitaji."

"Mimi hata sijaingia!" Khiem alipaza sauti kutoka sebuleni, alikokuwa akifuta vumbi meza ya mama yake.

"Na usiingie!"

Thoan aliunguza sukari, akapanga vipande vya jodari, vitunguu, pilipili na nanasi, akamimina sosi kwa mkono wake mwenyewe. Chungu kilipotulia akafunua kifuniko na kuuvuta mvuke puani. Watu wa vipimo watakwambia chumvi haina harufu. Thoan atakwambia mvuke wa chungu kisichokolea huwa mwepesi, na wa leo haukuwa mwepesi. Akatoka hadi mlangoni kuchuma giligilani.

Nyuma yake kijiko kikagonga meno.

"Umeonja," alisema.

Diep angeweza kukana. Hakukana. "Nimeonja, wifi. Niliogopa. Nikasema kijiko kimoja tu, Mama hatajua."

Hasira zilimpanda Thoan mpaka masikio yakamwaka. Angemwita Khiem, angewaita majirani, na mjini kusingetajwa tena maishani. Neno lilikuwa ulimini. Lakini lililotoka ni jingine, swali ambalo hakuwahi kuwa na mtu wa kumuuliza.

"Ikoje?"

"Ikoje nini?"

"Ladha. Si umeonja? Ikoje?"

Diep akakiweka kijiko chini. "Imekolea. Haitaki kitu." Halafu akaongeza, "Ni ya Mama, wifi. Ni ileile yake."

Thoan alikaa chini palepale. Miaka yote hiyo hakuwahi kujua kabla ya udi kuisha kama amepatia, na leo amejua, na chungu ndicho hicho kimeharibika! Alicheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yalikuwa ya kicheko.

"Basi hicho watakula wageni," alisema. "Cha Mama naanza upya. Kuna jodari mwingine kwenye beseni. Kata vipande, na useme unapokata."

"Muda hautoshi. Watu wako njiani."

"Watangoja. Siku si yao."

Diep alikata huku akisema kila kipande. Ilipofika zamu ya sosi akauliza, "Nimwage?" Thoan akanyoosha mkono, akapewa chupa.

Udi ulipoisha chakula kikateremshwa, wote wakaketi. Shangazi Lai, mwenye mdomo usiojua mapumziko, alikuwa wa kwanza kumchokonoa samaki aliyetoka mezani kwa marehemu.

"Mtamu huyu! Lakini Diep, mwakani si ulisema tunakula kwako mjini?"

Vijiti vya kulia vya Thoan vilisimama hewani. Habari ya kijiko hakuwa amemwambia mtu, na hakuwa na nia ya kumwambia.

"Mwakani ni hapahapa," alisema Diep.

"Kulikoni tena?"

"Kwa sababu kwangu Mama angekula makombo. Leo asubuhi nimeonja chungu chake, shangazi. Huyo unayemsifu ni wa pili. Wifi alianza upya, wala hakunisema kwa mtu."

Shangazi Lai akapaliwa. Khiem akanong'ona, "Afadhali mwaka huu si mimi," na kicheko kikapasuka meza nzima, ila kwa Diep, aliyekaa mikono mapajani, hajamgusa samaki.

Thoan alipapasa meza mpaka akalipata bakuli la wifi yake, likiwa na wali mtupu. Akamtilia kipande cha tumbo, kile chenye mafuta.

"Kula, wifi," alisema. "Sasa ruhusa."