Siri ya Kupimia Mshauri

Wateja walimwita Mama Kitana ingawa hakuwa na mtoto, kwa sababu kitana hakikutoka kichwani mwake hata akienda benki. Saluni yake ilikuwa na viti viwili na benchi la kusubiria, na kwenye benchi hilo ndoa za watu zilifumuliwa na kusukwa upya kila siku. Alijua siri inavyotembea: asubuhi ni “usimwambie mtu,” jioni imeshaota miguu.

Mama yake alipofariki baada ya kuugua sana, alirudi kazini mapema. Siku moja mteja mwenye mvi akakaa kitini. Alipomshika nywele, kitana kikamponyoka na ikabidi akae chini. Akasingizia presha. Tangu hapo, kila mwenye mvi alimsukumia mwenzake wa kiti cha pili.

Mdogo wake, muuguzi, akamshauri aende kwa mshauri nasaha.

“Nikamlipe mtu anisengenye?” alisema. “Wa bure ninao benchi zima.”

Mdogo mtu hakuchoka, na mwishowe dada akakubali. Ila alikuwa na lake moyoni. Kila mshauri angempa siri ya uongo, kisha arudi saluni kutega sikio.

Wa kwanza alikuwa na vyeti ukuta mzima na mlango usiofunga vizuri. Ili kumfariji, alimsimulia habari za mhasibu fulani aliyelia kwenye kiti hichohicho. Mama Kitana akamwambia kwamba anafunga saluni, anaolewa na mgane wa mji mwingine. Wiki haikuisha, mteja mmoja akampa hongera huku rola zikiwa kichwani. Alicheka naye, lakini moyoni alichemka. Hakujali kama aliyevujisha ni mshauri au karani wake. Maji yakivuja, nyumba imelowa.

Wa pili alikuwa mama wa makamo, mwenye chumba nyuma ya zahanati. Nje ya mlango aliweka redio ikiimba.

“Redio ya nini?”

“Walioko nje wasitusikie.”

Mama Kitana alimhoji kama mkwe anayemchunguza mchumba: alisomea wapi, nani hukagua kazi yake. Yule mama alijibu bila kununa, akaongeza kwamba siri yake ataitunza, isipokuwa akiona mtu yuko hatarini kujidhuru au kumdhuru mwenzake. Hilo likamtia wasiwasi zaidi. Angalau yule wa kwanza aliahidi kutunza kila kitu. Akampa uongo mzito kuliko ule, kwamba ana mtoto aliyemficha kwa ndugu.

Akasubiri. Benchini alianzisha mwenyewe mazungumzo ya watoto, kisha akanyamaza aone nani atajikwaa. Hakujikwaa mtu. Badala ya kutulia, akazidi kushuku: labda huyu ni mjanja tu, anamvizia. Akawa anarudi kwake, akimlea yule mtoto wa uongo kwa maneno.

Kisha akaja mteja mwingine mwenye mvi siku ambayo mwenzake hakuwepo. Mama Kitana alimwacha kitini, akaenda kulia chooni. Aliporudi kwa mshauri, hakungoja kuulizwa.

“Yule mtoto hayupo. Nilikuwa nakupima.”

Mshauri aliweka kalamu chini. “Na umenionaje?”

“Bado nakuangalia.”

“Niangalie tu. Ila leo niambie kilichokuleta.”

Ndipo aliposema. Mara ya mwisho kumwosha mama yake kichwa, nywele zake za mvi zilibaki mkononi. Mama akauliza kama bado zipo. Akamjibu, “Tele, mama,” huku akizificha mfukoni mwa aproni.

Haikuwa kazi ya siku moja. Leo anasuka wenye mvi, ingawa kuna siku bado humpisha mwenzake. Mdogo wake alimuuliza kama sasa anamwamini yule mama. Akasema anamwamini mle chumbani. Wakikutana sokoni, humsalimia kama mtu asiyemjua, na mshauri humwitikia hivyohivyo, kisha huendelea kuchagua nyanya.