Nilivyoinyamazisha Gari Siku ya Harusi ya Shemeji

Nimeua mtu. Tena nimemuua kwa kumtafutia raha, kwa hiyo msinifananishe na wauaji wa ovyo ovyo, mimi ni muuaji mwenye adabu zangu. Jina langu sitoi, na mhariri akiliweka nitakana mchana kweupe.

Mimi ni Mngazija niliyezaliwa Unguja. Nilirudi kwetu Moroni nikiwa kijana, nikaoa mtaa wa Magoudjou, nikahamia kwa mke wangu kama desturi yetu inavyotaka. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huja na sanduku lake la nguo. Na kama mume huyo hajafanya harusi kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu na mji mzima kula, basi hata ndevu zimfike kitovuni, ukweni anahesabiwa mtoto. Chai anapewa wa mwisho. Akisema neno, watu wanakumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo, mtoto mwenye upara.

Uhuru ulipokuja, Mfaransa aliyekuwa mkubwa wangu ofisini alifunga virago kwa haraka akaniachia gari yake. Ndogo, nyekundu, milango miwili, gari ya mashindano ya mbio. Mbio za kwenda wapi katika kisiwa kile, hilo hakunieleza. Ekzosi yake ilikuwa balaa. Nikiiwasha Magoudjou, wanawake sokoni waliacha kupatana bei mpaka nipite. Wazee barazani walipoteza hesabu ya tasbihi. Mke wangu aliteleka chai akinisikia bado niko bandarini, na nikifika imeshachemka.

Niliipenda ile kelele, sitasema uongo. Nyumbani sikuwa na sauti nyingine.

Kisha ikaja serikali mpya, ikawapa vijana wa shule madaraka ya mitaa, na harusi kubwa zikapigwa marufuku. Eti zinafilisi watu. Na kweli zinafilisi, lakini nani atakubali kuambiwa hivyo na mtoto aliyemwona juzi akifutwa kamasi?

Ukweni kulikuwa na binti mmoja wa kuoza, mdogo wake mke wangu. Nitamwita Rukia. Mama yao alikwisha kufa, na aliyewalea wote wawili ni bibi yao, Koko, maana ndivyo Wangazija wanavyomwita bibi. Koko alikuwa mdogo wa umbo, mkali wa macho, na mimi alikuwa akiniita "yule mtoto" mbele ya wageni. Alisema serikali zinakuja na kuondoka, lakini Rukia ataolewa na dhahabu yake mwilini.

Sasa, harusi kwetu hufanyika nyumbani kwa biharusi, na pale Magoudjou kamati ya vijana ilikuwa jirani yetu, wanatusikia tukipiga chafya. Ikaamuliwa Rukia apelekwe Itsandra, mji wa pwani wa jirani, kwenye nyumba ya zamani ya Koko yenye kuta nene, bwana harusi amkute huko. Waende mchana kama watu wanaokwenda kutembea. Mwenye neno pale nyumbani alikuwa Mjomba, mtoto wa Koko na ndugu wa marehemu mama mkwe wangu.

"Tutaazima gari ya mtu mwingine," akasema Mjomba. "Ya huyu hapa, Itsandra wataisikia kabla hajatia ufunguo."

Wanaume wakacheka. Mimi nilikuwa nasubiri chai yangu. Nikajisikia nikisema, "Nipeni siku chache. Nitaifanya msiisikie hata mkiwa mmekaa ndani yake."

"Haya, mtoto," Mjomba akasema. "Tutaona."

Fundi hakukosekana mjini. Lakini ningekwenda kwa fundi, kesho yake mji mzima ungeuliza kwa nini yule bwana wa kunguruma anataka kimya, na kamati ingejua. Basi kazi nikaifanya mwenyewe, mimi ambaye maisha yangu yote nilikuwa sijafungua kitu kigumu kuliko bahasha. Nikachomoa sailensa ya lori bovu lililotupwa, nikaishindilia nyuzi za chuma za kusugulia sufuria mpaka zikagoma kuingia, nikaifunga kwa waya kwenye bomba la gari yangu, na pale palipobaki uwazi nikazungushia bati la kopo la maziwa ya unga. Sakafu ya gari ilikuwa imeliwa na kutu ya chumvi ya bahari, ina matundu. Nikatandika mkeka juu yake. Mzuri, mpya. Nilitaka abiria wangu waone wako sebuleni.

Nikaiwasha. Lahaula, ilikuwa ikikoroma kwa chini chini tu! Nikazunguka nayo mtaani na hakuna aliyegeuka. Nguvu ilikuwa imepungua, nikikanyaga mafuta haina hamu ya kwenda, lakini nikasema ndiyo heshima hiyo, gari imekua. Vioo nilikuwa nimeviacha wazi, kwa hiyo sikuhisi kitu.

Siku yenyewe nikafunga vioo vyote, nikapachika kanga madirishani mtu asione dhahabu. Rukia akaingizwa kiti cha nyuma, amefunikwa, amefukizwa udi na kupakwa manukato mpaka gari nzima ikanukia. Ungechoma tairi mle ndani usingesikia harufu yake. Koko akakaa kando yake. Kiti cha mbele zikawekwa nguo na vyombo, maana mke wangu na wengine walikwisha tangulia. Koko akapapasa mkeka kwa mguu.

"Leo yule mtoto amefanya jambo," akasema.

Hamjui nilivyofurahi. Nilimshinda bwana harusi.

Barabara ya Itsandra si ndefu. Tatizo lilikuwa kizuizi. Vijana wa kamati walikuwa wameweka pipa na ubao njiani, wanakagua wapitao. Betri yangu ilikuwa dhaifu, nikiizima gari itabidi isukumwe, na kumsukuma biharusi barabarani mbele ya kamati ni kitu ambacho hata mimi nilijua hakifai. Nikaiacha inawaka, nikashuka haraka ili wasisogee.

"Wapi?" akauliza mkubwa wao.

"Nampeleka bibi yetu Itsandra akapate upepo wa bahari. Mgonjwa."

"Si wewe mwenye ile gari ya makelele?"

"Ndiye mimi."

"Sasa umeiweka wapi?"

"Ndiyo hii."

Wakaitazama. Mmoja akasema nimeizima. Nikamwambia weka mkono. Akaweka kiganja juu ya boneti, akausikia mtetemeko, akawaita wenzake. Na mimi, badala ya kuagana nao niondoke, nikafungua boneti. Nikawaeleza. Nikawaonyesha kwa mikono jinsi nilivyoshindilia. Wakauliza, nikajibu. Wakasifu, nikaongeza na ambayo sikuyafanya. Tangu nihamie Magoudjou sikuwahi kupata watu wa kunisikiliza kiasi kile, na ndio hao hao niliokuwa nawakimbia. Ndani ya gari palikuwa kimya. Nikaona hiyo ndiyo adabu. Biharusi wa kwetu hasemi, hainui kichwa, hata umuulize jina lake.

Sijui nilisimama pale muda gani. Mjue tu ni mrefu.

Wakatoa pipa, tukapita. Kwenye kioo cha ndani nikamwona Rukia ameinamisha kichwa mpaka kifuani na Koko amemlalia begani. Nikasema mwenyewe, tazama raha hiyo, mpaka wamesinzia. Nikaendesha polepole zaidi ili nisiwaamshe.

Itsandra wanawake wakafungua mlango, Rukia akawaangukia mikononi. Wakasema mashallah, biharusi ana haya huyu, mpaka miguu haimbebi. Kisha akatapika juu ya dhahabu, wakasema hofu ya kuolewa. Koko hakushuka. Wakamwita, wakamgusa. Uso wake ulikuwa umenawiri, mashavu mekundu, jinsi ambavyo hakuwa hata akiwa mzima. Wanawake wakalia na kusema tazameni nuru ya mwisho mwema, amekufa kwa furaha.

Nami nikalia. Siku ile nililia kwa kweli, sikujua bado.

Alizikwa kabla ya jua kuzama. Niliirudisha gari Moroni peke yangu, wenzangu wakiwa wametangulia, vioo vimefungwa kwa sababu sikuwa na moyo wa kufungua chochote. Kabla sijafika mjini kichwa kinanipasuka. Nikasimama, nikafungua mlango, nikatapika. Katika kuinama nikauona mkeka. Mbele ya kiti cha nyuma, pale alipokuwa ameweka miguu Koko, ulikuwa mweusi kwa masizi. Nikaufunua. Bati la kopo lilikuwa limeachia, moshi uliokosa njia nyuma ulikuwa ukipanda kwenye tundu.

Niliing'oa ile sailensa kwa mikono mitupu, ikanibabua, nikaitupa porini. Nikaingia Magoudjou nikinguruma. Majirani wakasema huyu hana haya, nyumba ina msiba naye anafanya mashindano. Walikuwa na haki ya kusema.

Mngetegemea niingie ndani niseme yaliyotokea. Nilikwenda nikiwa na nia hiyo, wallahi. Lakini Mjomba alinipokea mlangoni, akanishika mkono, akanikalisha kando yake, akaniletea chai kwa mkono wake.

"Umempeleka mama yangu kwa starehe," akasema mbele ya wanaume wote. "Hata mtikisiko hakuusikia. Wewe ni mwenzetu."

Nikainywa chai. Na kikombe cha pili nikakipokea.

Ndoa ya Rukia ilifungwa baadaye kimya kimya, bila ng'ombe, bila kitu. Kamati ilifurahi. Gari nikampa mtu aichukue aondoke nayo. Na tangu hapo kila nikiingia ukweni nasogezewa kiti, naombwa maoni, na kila nikisikilizwa nauona ule mkeka. Mwisho nikahamia Mutsamudu, kisiwa cha Ndzuani, kuuza vitambaa kwenye duka la mtu. Mke wangu nikamwambia ni riziki. Yeye amebaki nyumbani kwake, nakwenda na kurudi. Ukweli ni kwamba mji wa kale wa Mutsamudu vichochoro vyake ni vyembamba, gari haiingii hata ikitaka. Nililala vizuri huko, hata serikali ya vijana ilipoondoka na harusi zikarudi na ngoma zake.

Mpaka Rukia alipokuja. Mumewe alikuwa na shughuli ya biashara Mirontsy, hapo jirani, naye akapita dukani kunisalimia. Akachagua kitambaa. Nikawa nampimia.

"Shemeji," akasema, "siku ile ulikuwa unazungumza nini na wale vijana?"

"Mambo ya gari."

Akakunja na kukunjua ncha ya kitambaa.

"Koko aliniambia kichwa kinamgonga, anaona giza. Akaniambia nigonge kioo yule mtoto afungue mlango. Nikaogopa. Biharusi nitagongaje kioo na wanaume wamesimama pale? Nikamwambia, Koko, vumilia, shemeji anajua anachofanya." Machozi yakamtoka. "Ningegonga, ungemwahisha hospitali. Mimi ndiye niliyemuua, shemeji. Sijamwambia mtu. Hata dada simwambii."

Na mimi nikamwambia nini? Nikamwambia ni mipango ya Mungu, asijitese. Nikamkatia kitambaa, nikamwongezea kipande juu, akanishukuru, akaenda zake.

Basi nyinyi mnaotaka gari zenu zitulie, zitulizeni, si dhambi, lakini mpeni fundi, mwache mji useme utakalosema. Fungueni vioo. Mkishuka kuzungumza, zimeni, na kama haiwaki tena isukumeni na biharusi wenu ndani. Na mkisifiwa kwa jambo huku mnajua mlichokifanya, msiinywe ile chai.

Rukia, mwenyewe utajijua, hata kama jina si lako. Hukumuua Koko. Ungegonga kioo nisingegeuka. Nilikuwa nimeinama kwenye injini, najisifu.