Darasa la Bi Mwanakombo, na Sisi Tuliolifunga

Enzi zetu mtoto akivunja chungu alitoka mbele ya wazee akasema, "Nimevunja mimi," kisha ndipo akachapwa. Nami naanza hivyo hivyo, ili kumbukumbu zikae sawa. Darasa la lugha za kigeni lililokuwa likifanyika katika chumba cha nyuma cha ukumbi wetu wa jamii, hapa Likoni, limefungwa na kamati ya ukumbi. Kamati ina wajumbe saba, na katibu wake ni mimi. Barua ya kulifunga niliitunga mwenyewe, nikaitia sahihi, nikaipiga muhuri, na nikaipeleka kwa miguu yangu hadi kwa mwalimu wa darasa hilo, Saumu, ambaye aliipokea kwa mikono miwili na kuniamkia shikamoo, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

Aliyemlea ni mamake, Bi Mwanakombo, aliyekwisha tangulia mbele ya haki. Huyo ndiye aliyelianzisha darasa, na sisi tulikuwa wanafunzi wake wa kwanza. Asiyemjua hataelewa tulichokifunga, kwa hiyo naomba msomaji wa rika langu akae nami kidogo turudi huko.

Nakumbuka tulipokuwa wadogo, alasiri ya Jumamosi ilikuwa na harufu yake. Ilikuwa harufu ya muhogo unaokaangwa, ndimu iliyopasuliwa, na vumbi la kiwanja tulichochezea gololi hadi magoti yakawa na rangi ya udongo. Tulitoka madrasa, tukavua kanzu, tukala chochote kilichosalia jikoni, kisha tukakimbilia kwa Bi Mwanakombo kabla hajamaliza kufagia. Ubao wake ulikuwa mlango wa zamani uliong'olewa bawabani na kuegemezwa ukutani. Tundu la ufunguo lilikuwa bado lipo, na herufi zilizoangukia hapo ilibidi tuzikisie.

Alikuwa mtu kama mama zetu, mwenye minazi michache, mikorosho na shamba la muhogo. Lakini kabla ya kuolewa, na tena baada ya kufiwa na mumewe, alivuka feri kila asubuhi kwenda kufanya kazi katika nyumba ya mapumziko ya mabaharia, upande wa kisiwani. Alifua mashuka na kuwalisha wagonjwa walioachwa na meli zao. Hakuenda skuli hata siku moja. Kijerumani, Kigiriki, Kiitaliano na Kifaransa alivisomea kando ya vitanda.

"Mtu akipandwa na homa," alituambia, "huisema lugha ya mamake. Ukimsikiliza vyema, naye atakufunza."

Sisi tulikuwa mchanganyiko. Wengi tulikuwa watoto wa Kidigo wa mashamba ya karibu, na baadhi walikuwa watoto wa Kikristo waliotoka bara ya pwani, ambao baba zao walifanya vibarua bandarini. Mmoja wao alikuwa Kalume, rafiki yangu hadi leo, mrefu, mwenye njaa isiyokwisha, na mwepesi wa ulimi kuliko sote. Wazazi wetu walishangaa tulichokuwa tukikitafuta kwenye mlango ule. Baba yangu aliamini, kama wanavyoamini watu wa mwambao hata sasa, kwamba aliyezaliwa na Kiswahili safi hana haja ya kwenda kuazima kwa jirani. Lakini mama alimwambia, "Mwache aende. Nyumba ya dirisha moja ina joto."

Bi Mwanakombo alikuwa na utaratibu ambao sijauona kwa mwalimu mwingine yeyote. Hakuanza na majina ya vyombo wala hesabu za moja hadi kumi. Alianza na salamu. Baada ya salamu alifunza kumkaribisha mtu kula, na baada ya hapo kumpa pole mgonjwa, kisha kumpa pole mfiwa. Neno la kuomba kitu lilikuja mwisho kabisa, wakati mwingine baada ya mwaka mzima. Mtoto aliyemwomba mgeni peremende kabla ya kujua kumpa pole alifukuzwa darasani kwa juma zima, na wazazi wake hawakuja kumtetea.

Jumamosi moja katika mwezi alimwalika baharia wa kweli. Huo ndio uliokuwa mtihani wetu. Kila mtoto alipewa zamu ya kumpokea mgeni kwa lugha ya mgeni. Siku niliyopangiwa mimi alikuja Mjerumani kijana, mwenye nywele za rangi ya makumbi ya nazi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimshika mkono nikamuuliza hali yake. Nikamuuliza habari za nyumbani, za babake, za mamake, za ndugu zake mmoja mmoja, za mvua, za mavuno, na mwishowe za mbuzi. Kila alipodhani nimemaliza na kutaka kuuchukua mkono wake, mimi niliushika zaidi, kwa kuwa hapa kwetu salamu haikatwi katikati. Hatimaye alimgeukia Bi Mwanakombo akamwambia maneno kwa sauti ya chini. Bi Mwanakombo alicheka hadi akashika nguzo.

"Anauliza iwapo mtoto huyu katumwa na polisi," akatueleza.

Ikafika zamu ya Kalume. Kalume alisimama mbele ya mgeni akamuuliza jambo moja tu kwa Kijerumani: "Una njaa?" Mjerumani akajibu kuwa anayo, na uso wake ukachanua.

Darasa lote lilimgeukia mwalimu kungoja hukumu. "Hamisi kampokea mgeni kama yuko harusini," alisema, akinielekezea mimi kidole. "Kalume kampokea kama mwenye mgahawa. Mgeni wa watu hajapokewa bado. Jumamosi ijayo nitafutieni njia ya kati."

"Lakini wangu kafurahi, Bi," Kalume akanung'unika.

"Kafurahi tumbo. Kamuulize roho."

Sasa nifike kwenye siku ambayo ndiyo sababu ya kuandika haya. Tulikuwa tumealikiwa Mgiriki, mpishi wa meli, mtu mzima mwenye masharubu meupe. Asubuhi ya siku ile simu ya maandishi, yaani telegramu, ilimfikia kwamba mamake amefariki. Hakuwa na namna ya kufika kwao. Meli yake ilikuwa ingali gatini, na hata kama angalipata chombo, mazishi yangalikuwa yamekwisha. Kwa kuwa alikuwa ameahidi kuja, alikuja. Alivuka feri peke yake, akatokea uani akiwa ameishika kofia kifuani, hajui aanze vipi.

Bi Mwanakombo alimtazama mara moja tu. Akatandika jamvi, akamketisha, akaketi naye, akaanza kusema naye Kigiriki polepole. Mzee yule alijibu neno moja, kisha mawili, kisha akafunguka kama bomba. Hatukuelewa alichokisema. Lakini fungu la kumpa pole mfiwa tulikuwa tumelihifadhi, na Bi Mwanakombo alituashiria kwa kidevu. Tukapita mmoja mmoja, wakubwa kwa wadogo, tukamshika mkono na kumwambia kwa lugha yake kwamba tunampa pole kwa mamake. Nilipofika mimi mkono wake ulikuwa umelowa. Nilisema maneno machache yale na nikaona, kwa macho yangu, mtu mzima aliyetoka upande mwingine wa dunia akinitazama kama kwamba nilikuwa jirani yake tangu kuzaliwa. Nilikuwa mtoto wa miaka tisa.

Kisha yakatokea nisiyoyatarajia. Mama yangu alikuwa akipita njiani na ndoo ya maji. Aliuliza kuna nini, akaambiwa. Akaitua ndoo. Muda si muda wanawake wa mtaa walikuwa wanaingia uani na mikeka yao chini ya makwapa, kimya, wamejitanda mitandio vizuri, kama waendavyo matangani. Mamake Kalume naye alikuja, na rozari yake mkononi. Aliyekuwa na kahawa alileta kahawa. Wakamuuliza kupitia kwa Bi Mwanakombo, "Mamako akiitwa nani? Alizaa wangapi? Alipenda kupika nini?" Mpishi akaeleza, Bi Mwanakombo akatafsiri, nao wakawa wanaitikia, "Masikini. Mola ampumzishe." Wakakaa naye hadi jua lilipopungua. Likoni iliweka matanga ya mwanamke ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona. Nimekwisha kuwa mzee, nimeona majumba na meli kubwa kuliko mitaa, lakini sijapata kuona kitu kikubwa kuliko ua ule.

Wapo watakaosema huo ni ubinadamu na si elimu ya kazi. Nawajibu kwa ushahidi. Nilipokwenda kuomba ukarani wa forodha, fomu ilikuwa na mstari wa vyeti vya lugha. Nakala ninayo. Nimeandika hapo: "Hakuna." Ofisa aliyenihoji alikuwa anataka kunirudisha nyumbani, lakini nje kulikuwa na nahodha Mjerumani anayegonga meza, na hakuna aliyemwelewa. Nikaomba ruhusa. Nikamsalimu, safari hii bila ya kumuuliza mbuzi, nikampa pole kwa kungojeshwa, ndipo nikamuuliza shida yake. Hasira zikamshuka. Nilianza kazi siku ya pili, na lugha ile ikanilisha mimi na wanangu hadi nilipostaafu. Kalume alikwenda hoteli za pwani ya kusini, akaanza kuosha sahani, akamaliza akiwa mkuu wa wahudumu anayewapokea wageni kwa lugha nne. Sote wawili tulitoka kwenye mlango uliong'olewa.

Leo lugha imeingia mfukoni. Kijana akikutana na mgeni humwelekezea simu usoni kama muuguzi anayepima homa, simu ikasema, mgeni akaisemesha simu, na wao wawili wakabaki wanatazama kioo. Maneno hufika yote. Mtu ndiye hafiki. Sikatai chombo hicho, kina manufaa yake, ila sijaona simu iliyotua ndoo ya maji ikaenda kuketi jamvini.

Hata hivyo walikuwako vijana wa leo waliolijua hilo. Saumu alikuwa nao. Wasichana waliosomea uuguzi na wanaotafuta kazi Ujerumani, wavulana wanaotaka kufanya kazi na wageni bandarini, wengine wakivuka kutoka Mishomoroni na Magongo. Aliwafunza kwa utaratibu wa mamake, salamu kwanza na maombi mwisho. Wauguzi hao wana mtihani wa mazungumzo ulio karibu, na atakayeshindwa hataondoka. Sisi tukawafungia katikati ya masomo, kwa hoja kwamba kanuni ya ukumbi inataka kila mwalimu awe na cheti, na Saumu hana. Chumba sasa kina viti vya plastiki vya kukodisha.

Juzi Kalume alikuja kwangu na fimbo yake. Nilimkaribisha ndani, akakataa.

"Nina swali moja, nalo naliuliza nikiwa wima."

"Keti basi, yakhe. Miguu yako si ya kusimama."

"Wima, Hamisi. Cheti chako cha Kijerumani kiko wapi?"

"Sina."

"Changu?"

"Huna."

"Na yule aliyetufunza?"

"Hakuwa nacho. Lakini kanuni, bwana Kalume, kanuni lazima iwe na—"

"Kanuni si uliiandika wewe? Ungalikuwa wewe ndiye ofisa siku ile ya forodha, fomu yako ungaliirudisha mwenyewe." Akanitazama. "Na mwenzio wa kugonga meza angaligonga mpaka leo."

Akaenda zake na fimbo yake. Nilifungua jalada la kamati nikalisoma upya, ukurasa kwa ukurasa, kama nilivyozoea kazini. Barua iko sawa. Tarehe iko sawa, muhuri uko mahali pake. Lakini hakuna karatasi hata moja inayosema kwamba mjumbe fulani alikwenda kulitazama darasa lenyewe. Tulijadili cheti tu. Enzi zetu mama mwenye ndoo kichwani alisimama kuuliza kuna nini kabla ya kupita. Sisi tulio na ofisi, viti na mihuri tulipita.

Kwa hiyo, nikiwa katibu wa kamati na mkazi wa Likoni, nadai yafuatayo kwa maandishi na hadharani. Chumba cha nyuma kifunguliwe wiki hii, ili wauguzi wamalize maandalizi yao pamoja na mwalimu wao. Kisha uitishwe mkutano wa wazi ukumbini humo, mchana, mbele ya Saumu, wanafunzi wake na wazazi wao. Kila mjumbe asimame, ataje jina lake, na aeleze kwa kinywa chake aliingia mara ngapi katika darasa lile kabla ya kuinua mkono kulifunga. Kumbukumbu za mkutano ziandikwe na mtu mwingine, si mimi. Mimi niitwe wa kwanza, na jibu langu liandikwe kama litakavyotamkwa, bila ya kupambwa: hata mara moja.