Viganja vya Jasho Dirishani

Juzi, katika ofisi ya vipande, yaani vitambulisho, hapa Thika, kidole cha mfanyakazi mmoja wa shamba la kahawa kiliacha doa tupu la wino kwenye karatasi badala ya alama. Viganja vyake vilitiririka jasho.

"Unaogopa nini?" karani akauliza. Askari akasogea.

"Siogopi, bwana. Nilizaliwa hivi."

Foleni ikaanza kumtibu. Mama mmoja wa Ruiru akamwambia, "Loweka mikono kwenye chai kali, isiyo na maziwa." Mzee aliyekuwa nyuma yake akabisha, "Chai ni ya kunywa. Paka majivu."

"Nimejaribu yote mawili," mtu yule akajibu. "Chai inakausha polepole, majivu upesi. Halafu mtu ananiuliza ninaogopa nini, na jasho linarudi."

Zamu yangu ilipofika, karani hakuniuliza neno. Nilikuwa nimeshajifuta viganja kwenye suruali, kama foleni nzima.