Damu Niliyojiwekea Mwenyewe

Mnanijua, mimi muuza nyanya, ninayevuka mpaka wa Busia kila asubuhi na beseni kichwani. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa darasa la sita. Niliacha shule nikawalea wadogo zangu, Okoth na Athieno. Sasa ni watu wazima.

Mwaka jana tumbo langu lilianza kujaa. Wateja wakanitania, "Mama Nyanya, baba ni nani?" Nikacheka nao. Baadaye sketi ikakataa kufunga, mkojo ukawa unanibana kila saa, na nikilala chali pumzi haitoshi. Hospitalini Tororo walikuta uvimbe kwenye ovari, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Ilibidi nipasuliwe na niongezwe damu, lakini kila damu waliyopima, hata ya wadogo zangu, ilikataana na yangu.

"Basi tutatoa yako," daktari akasema. "Mifuko miwili, kwa nafasi ya wiki mbili. Tutaitunza, tukurudishie siku ya upasuaji."

Mfuko wa kwanza nilitoa vizuri. Kesho yake nikarudi kubeba nyanya, maana kukaa sikujua. Siku chache baadaye nilianguka mpakani, nyanya zikatawanyika chini ya malori. Nilipokwenda kutoa mfuko wa pili, muuguzi alipima akatikisa kichwa.

"Damu imeshuka. Njoo baada ya siku kumi. Isipopanda, upasuaji hautakuwepo, na ule mfuko wa kwanza utaharibika."

Okoth aliwaka. "Dada, umetutawala miaka yote. Ukigusa beseni, nakufunga kamba kama mbuzi!" Akabeba nyanya mwenyewe, wanawake wa sokoni wakimpigia vigelegele. Athieno akanilisha maini, maharage, mboga za dodo na vidonge vya kuongeza damu.

"Kula, dada."

"Nimeshiba."

"Sikukuuliza."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikimwambia yeye alipokuwa mdogo. Nikala.

Siku ya kumi damu ilikuwa imepanda! Wakatoa mfuko wa pili, na wiki iliyofuata nikapasuliwa. Nilivuja sana; mifuko yote miwili ilirudi mwilini mwangu. Nilipozinduka nilishika tumbo, nikakuta limelala. Nikauliza, "Nyanya ziko na nani?"

"Amezinduka kweli huyu," Okoth akasema. Tulicheka mpaka mshono ukanichoma.

Namshukuru Mungu, madaktari na wadogo zangu. Ukipangiwa upasuaji, muulize daktari kama damu yako inaweza kutunzwa. Si kila mtu anafaa. Na wewe mkubwa wa nyumba uliyezoea kubeba wenzako, ukiambiwa kaa ule, kaa. Mimi nilikaa siku kumi, na leo nimesimama mbele yenu.